Fagia Kwanza, Mwanangu

Keti, mwanangu. Chai ingali moto, na karatasi yako nimeisoma. Umeandika nguruwe 40. Umeandika bei ya mabati, bei ya pumba, mwezi wa kuuza. Hesabu zako nzuri, nami nazifurahia. Lakini nimeigeuza karatasi mbele na nyuma nikitafuta mstari mmoja, nikaukosa. Hujaandika maji ya kuoshea banda yatakwenda wapi.

Usinune. Hata mimi sikuuandika. Nilifuga hapahapa Murara, Goma, miaka kadhaa kabla sijajiuliza swali hilo, na jibu lake lilinigharimu. Nipe jioni hii moja tu kabla hujaenda kununua mbao.

Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 Januari 2002, moto ulishuka ukapita katikati ya mji. Tulikimbilia Gisenyi, Rwanda. Tuliporudi, palipokuwa na nyumba palikuwa na mawe meusi, na mawe yenyewe yangali na joto. Tulijenga juu yake kwa kuwa hatukuwa na kwingine. Mwaka 2004 nikapata nguruwe wawili majike, na kwa hao wawili nikalipa karo za shule. Sitawasema vibaya nguruwe. Walitulisha.

Banda langu lilikaa juu ya mwamba, na kwenye kona yake palikuwa na ufa mwembamba. Kila asubuhi nilimwaga maji, nikasukuma mkojo na kinyesi kwa fagio hadi kwenye ufa ule, vyote vikazama. Tope hapakuwa. Harufu ilikuwa kidogo. Jirani hakulalamika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu mimi niliuona kila siku, na nilikuwa nikiomba usije ukazibika.

Ikaja masika moja ya mvua nyingi. Asubuhi jirani yangu wa chini akabisha hodi. Mama mwenye watoto wadogo. Hakunigombeza. Alinishika mkono tu akanipeleka kwake. Nyuma ya nyumba yake, katikati ya mawe, maji yalikuwa yakitoka kama chemchemi. Watoto walikuwa wameyachezea tangu jana wakidhani ni baraka ya mvua. Niliinama nikayatazama. Ndani yake mlikuwa na pumba za nguruwe wangu.

Mtoto wake mmoja alikuwa akiharisha. Sitasema ni maji yangu yaliyomuumiza, maana sijui. Ila usiku ule sikulala, na kila nikikumbuka kimya cha yule mama najisikia mdogo. Ufa haukuwa umemeza kitu. Ulikuwa umekihamisha tu.

Hilo ndilo neno langu la jioni hii, mwanangu, na mengine yote yanalifuata. Uchafu wa mifugo haupotei. Unahama. Kazi ya mfugaji ni kuuchagulia pa kwenda kabla haujajichagulia wenyewe.

Mahali pengine ardhi ina udongo mnene unaochuja maji polepole. Mji wetu umejengwa juu ya mawe yenye nyufa na vitundu, nayo maji huyapita kama yapitavyo kapu. Na mteremko wetu wote unaelekea upande mmoja. Unaujua. Ni kule ziwani, akina mama wanakochota maji kwa bidoni, kule samaki wa sambaza wanakovuliwa.

Sasa nikueleze kilichomo ndani ya maji yale, maana mimi nilidhani ni uchafu tu. Mganga mmoja wa mifugo ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia: mama, hicho ni chakula. Ndani yake mna nitrojeni na fosforasi. Nitrojeni nyingi imo katika mkojo, nayo hukimbia pamoja na maji. Fosforasi hupenda kushikamana na kinyesi na udongo. Mimea huvila vyote viwili. Visipolisha maharagwe yako, vitalisha mwani wa ziwani. Mwani huota mwingi, maji yakawa kijani, kisha ukafa. Ukioza, bakteria wanaouozesha huitumia hewa iliyomo majini, na samaki hukosa ya kuvuta.

Na ziwa letu, mwanangu, lina tabia yake. Kivu lina kina cha karibu mita 485, lakini maji ya chini hayachanganyiki kwa urahisi na ya juu. Kilindini hakuna hewa kabisa. Huko mmefungwa gesi nyingi mno, na chakula cha mimea tele. Samaki wote tunaowala wanaishi katika tabaka jembamba la juu. Sambaza mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo anategemea tabaka hilohilo. Tunachokimwaga sisi kinaanzia hapohapo juu, ukingoni, anapoishi samaki na anapochota mtu.

Utasema, mama, ziwa ni kubwa, nguruwe wangu ni 40. Nami nilisema hivyo. Victoria ni kubwa kuliko Kivu mara nyingi. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini, lilionekana huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yalikuwa yameshanona kwa yaliyotoka mashambani na mijini. Miaka ya 1990 gugu likafunika ghuba ya Kisumu hata wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Hakuna mtu mmoja aliyefanya hayo. Kila mmoja alimwaga kidogo.

Na usidhani ni shida ya maskini. Kule Ufaransa kuna jimbo la Bretagne ambako nguruwe ni wengi kuliko watu. Samadi yao ilirutubisha mito, mito ikarutubisha bahari, na mwani wa kijani ukarundikana ufukweni ukaoza. Mwaka 2009, katika ufuko wa Saint-Michel-en-Grève, farasi alikufa kwa gesi iliyotoka katika mwani ule, na aliyempanda akazirai. Mwaka 2011 nguruwe pori 36 walikutwa wamekufa kwenye mlango wa mto, huko huko Bretagne. Sisi watu wa Goma tunaijua hewa inayolala mabondeni ikiua mbuzi na watoto. Tunaiita mazuku. Ile ya Bretagne ni hewa nyingine, yenye harufu ya mayai yaliyooza, lakini kuua inaua vilevile. Na hutokea pia katika shimo la samadi lililofunikwa. Ikizidi, pua inakufa ganzi, husikii harufu tena. Kwa hiyo nakuapisha hapa mezani: usiingie kamwe katika shimo la samadi kumtoa mtu wala kutoa ndoo. Wengi duniani wamekufa wawili wawili hivyo, wa pili akimfuata wa kwanza.

Kunywa chai. Nikuambie sasa makosa yangu mengine.

Baada ya aibu ile niliziba ufa kwa simenti, nikachimba shimo dogo, nikatandika turubai la plastiki. Kwa wiki mbili shimo likajaa. Nikamwita mtu alipanue. Likajaa tena. Nikaanza kuwaza shimo la tatu, ndipo yule mganga akaniuliza: mama, unaoshea maji kiasi gani? Tukahesabu. Nguruwe wanane, bidoni sita za lita 20 kila asubuhi. Akasema tatizo langu haliko shimoni. Liko bidonini.

Akanifundisha kufagia kwanza. Unakusanya kinyesi kikavu kwa beleshi kabla tone la maji halijaanguka. Unakiweka pembeni, chini ya paa. Ndipo unaosha kidogo kilichobaki. Nikatoka bidoni sita hadi mbili. Kisha nikaweka mfereji wa bati ili mvua ya paa isiingie bandani, maana maji safi yakishachanganyika na mkojo yanakuwa machafu yote. Kisha nikawaendea maseremala wa mtaani kuomba vumbi la mbao. Ulitandike nene pale wanapolala nguruwe. Linanyonya mkojo, na linaishika nitrojeni isikimbie. Maseremala walikuwa wakilichoma. Mimi nililipata bure.

Ona jinsi ilivyo rahisi. Fagio, beleshi, bati moja, vumbi la mbao. Ilinichukua miaka minne kuyajua hayo kwa sababu nilikuwa natafuta shimo kubwa zaidi. Vijana mnapenda mashine, na wazee tulipenda mashimo. Wote tunakimbilia mwisho wa mfereji. Maji machafu yaliyo rahisi kusafisha ni yale usiyoyafanya machafu.

Kosa langu la tatu lilikuwa la furaha. Nilijenga tangi la biogesi. Gesi ikawaka siku ya kwanza nikalia. Ni metani, gesi ileile iliyo kilindini mwa ziwa, ambayo huko Rwanda, upande wa Kibuye, inavutwa na kutoa umeme tangu 2016. Nikapika maharagwe bila kununua makala, na wewe unajua ni msitu gani wa Virunga unaoliwa na makala ya mji huu. Maji yaliyotoka tangini yalikuwa membamba, hayana harufu. Nikasema, hatimaye yametakata. Nikayafungulia mtaroni.

Mganga alipokuja akashika kichwa. Akasema: tangi limekupa moto na kuondoa harufu. Nitrojeni na fosforasi zimo zote, kama zilivyoingia. Umepika chakula, hujakipunguza. Mwanangu, weka jambo hili moyoni, maana watakuja watu kukuuzia tangi na kukuambia linasafisha. Tangi ni jema. Jenga ukiweza. Lakini kinachotoka humo ni mbolea kali, nayo ina safari yake bado.

Nikasema basi, kama ni mbolea, nitaipeleka kwenye maharagwe. Nikaimwaga yote, kila siku, palepale. Maharagwe yakanenepa majani kama mti wa maua, kila mpita njia akayasifu. Siku ya kuvuna nilipata maganda machache ya kuhesabu. Nitrojeni ikizidi, mharagwe husahau kuzaa. Na mvua ya usiku mmoja ikaisukuma nusu ya mbolea yangu mtaroni. Tangu hapo naangalia mawingu kwanza. Siku mvua inanukia, ndoo inabaki mahali pake. Na mboga zinazoliwa mbichi sizigusishi kabisa.

Kilichonisaidia mwisho ni kitanda cha mawe. Ni mfereji wa simenti usiovuja, uliojazwa kokoto za volkano, zile zenye vitundu ambazo mji huu unazo hadi tunajikwaa. Juu yake nilipanda matete. Maji ya tangi yanadondoka polepole, yanapita sehemu yenye hewa, kisha sehemu iliyojaa maji isiyo na hewa. Katika vitundu vya mawe bakteria hujenga makao. Wale wa penye hewa huigeuza nitrojeni ya mkojo kuwa ya namna nyingine. Wale wa pasipo hewa huipokea na kuirudisha angani, ikawa hewa ileile tunayoivuta. Nilipoelezwa hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Mawe yaliyokula mtaa wetu, leo yanaufanyia usafi.

Lakini subira, mwanangu. Wiki za kwanza kitanda hakifanyi kitu. Maji yanaingia machafu yanatoka machafu, na jirani anacheka. Bakteria wanahamia kama watu wanavyohamia, mmoja mmoja. Mimi niliwaharibia. Homa ya nguruwe ilipoingia mtaani, niliosha banda kwa javeli nyingi, dawa ya klorini, vizuri kabisa, kisha nikaiacha javeli yote ikaingia kitandani. Iliua waliokuwa wakinifanyia kazi bure. Kitanda kilinuka wiki nyingi, nikaanza upya. Leo maji ya javeli yana ndoo yake. Na matete nayakata kila yanapokomaa, nawalisha mbuzi. Usipoyakata yataanguka, yataoza, na yatarudisha majini kila yalichonyonya.

Sasa sikiliza jambo gumu kuliko yote. Nitrojeni ina mlango wa kurudi angani. Fosforasi haina. Itabaki katika tope la chini, katika mawe, katika matete, katika kinyesi ulichokifagia. Haiishi mpaka mtu aibebe aipeleke kwenye shamba linaloihitaji.

Hapa ndipo hesabu yako ya nguruwe 40 inaponitia wasiwasi. Huko Ulaya walijifunza kwa kuumia, na tangu 1991 sheria yao imeweka kikomo katika sehemu zilizo hatarini: samadi isizidi kilo 170 za nitrojeni kwa hekta moja kwa mwaka. Nguruwe wa kunenepeshwa anayelishwa vizuri hutoa kama kilo 10 kwa mwaka. Chukua kalamu yako. Arobaini mara kumi ni kilo 400. Hizo zinataka shamba la hekta mbili na zaidi. Parseli yako ni mita 15 kwa 20. Kwa kipimo hicho, ardhi yako yote, ukibomoa nyumba na jiko, inatosha mbolea ya nusu nguruwe.

Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza nilitaka kuuza wote. Kisha siku moja nikiwa njiani niliona chukudu, zile baiskeli za mbao, zikishuka kutoka milimani Kibumba. Kabeji, karoti, viazi, zimefungwa hadi juu ya kichwa cha kijana. Zilishuka zimejaa. Zilipanda tupu. Nikasimama pale kando ya barabara, mwanamke mzima, nikaona nilichokuwa sikioni tangu 2004. Kila siku udongo wa milima yetu unashuka mjini ndani ya kabeji. Tunaula, tunawapa nguruwe maganda, na mwisho wake tunauelekeza ziwani. Milima inakonda, ziwa linanona, na mkulima wa Kibumba ananunua mbolea ya mfuko.

Nikamwita kijana mmoja wa chukudu. Nikampa magunia mawili ya samadi niliyoifagia, niliyoichanganya na vumbi la mbao na majani na kuigeuza kila wiki hadi ikachemka na kupoa. Ikichemka vizuri huwa moto kuliko mkono unavyoweza kuvumilia, na joto hilo huua mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Haikunuka tena. Ilinuka udongo wa msituni. Njia ya kupanda ni ngumu, na kijana alidai bei yake, sikumbishia. Msimu uliofuata mkulima aliyeipokea alituma mtu kuniuliza kama nina nyingine. Tangu hapo magunia yangu yanapanda kwa chukudu zilezile zinazoshusha kabeji. Si fedha nyingi. Lakini karo moja ya mwaka ilitoka humo, nami nalala.

Huu ndio mstari ninaotaka uuandike katika karatasi yako, juu kabisa, kabla ya bei ya pumba: nani atabeba samadi yangu, na ataipeleka wapi. Ukimpata mtu huyo kwa nguruwe kumi, fuga kumi. Ukimpata kwa 40, Mungu akubariki. Usipompata, usianze.

Najua una haraka. Vita vimewafundisha ninyi kwamba kesho haina uhakika, na mtu akipata fedha leo aifanyie kazi leo. Sikulaumu. Nami nilijenga juu ya mawe ya moto. Lakini hata katika mji unaohama na kukimbia, maji yanashuka upande uleule, na jirani wa chini ni yuleyule. Tulikimbia mara ngapi, na tuliporudi, tulimwomba nani chumvi?

Yule mama wa chini yangu bado yupo. Watoto wake wamekuwa wakubwa. Mwaka nilipokijenga kitanda cha mawe nilimwita aje kukiona. Alitazama maji yanayotoka, akainama, akayanusa. Hakusema mengi. Alisema: sasa watoto wanaweza kucheza. Nami nikamwambia hapana, dada, yasiguswe bado, haya ni ya kumwagilia migomba. Maana usafi wa macho sikuuamini tena.

Kesho, kabla ya kwenda kwa muuza mbao, shuka kwa majirani zako wa chini. Bisha hodi. Waambie unataka kufuga. Tazama mawe ya nyuma ya nyumba zao, uone maji hutokea wapi mvua ikinyesha. Kisha rudi, tununue fagio na beleshi kwanza. Mbao zitangoja.